Kashfu Kwanza, Pampu Baadaye

Tuseme msimamo wetu mapema, ili hata asiyependa magari ajue anabishana na nini. Paa la gari la kukunja likianza kufunguka polepole, mwenye gari alipie uchunguzi kwanza, na asikubali kuuziwa pampu mpaka aonyeshwe namba kwenye mita. Na kama mafundi wa Riyadh na Jeddah hawachunguzi, lawama ya kwanza si yao. Ni yetu wateja, tuliozoea kulipia chuma na kukataa kulipia akili.

Mwalimu wetu mmoja aliposikia mada hii alicheka, akauliza jarida la Kiswahili na magari ya kifahari wapi na wapi. Swali lake ni la haki. Jibu la kwanza ni kwamba gari la kifahari likishapita mikono mitano huwa la mtu wa mshahara. Mercedes 500SL iliyokuwa ya tajiri mwaka 1992 leo inaendeshwa na mhasibu, dereva mstaafu, au ami yake mmoja wetu, ambaye aliinunua Jeddah kwa akiba yake na sasa anaishi nayo Riyadh. Jibu la pili ni la lugha. Sisi tulioandika ni watatu, na Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu za bibi. Tunaweza kumwombea mtu dua na kumwuliza hali ya kila jamaa yake, lakini tulipotaka kumweleza ami kwa nini paa lake linachelewa, tuligeukia Kiingereza ndani ya dakika moja. Ami naye aligeukia Kiarabu. Tukawa tunazungumzia gari moja kwa lugha tatu na hakuna aliyemwelewa mwenziwe sawasawa.

Kwanza neno lenyewe. Saudia gari la kufungua juu huitwa kwa neno la Kiarabu *kashf*, yaani gari lililofunuliwa. Mzizi huo huo ndio uliotupa sisi kukashifu na kashfa, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili akisikia mtu amenunua gari la kashfu anaweza kudhani kuna aibu ndani yake. Lakini raha ya neno hili ni kwamba karakanani lina kazi ya pili. Kashfu pia ni uchunguzi: daktari hufanya kashfu, na fundi aliyechomeka kompyuta kwenye gari naye anafanya kashfu. Basi gari la kashfu linahitaji kashfu, na hapo ndipo hoja yetu ilipo.

Gari tunalolizungumzia ni la aina iitwayo R129. Lilionyeshwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1989 na likaendelea kutengenezwa hadi 2001, zaidi ya magari 200,000. Mtangulizi wake, R107, alikuwa na paa la kufunguliwa kwa mikono. Hili likaja na swichi moja tu: unaivuta, unangoja sekunde 30 hivi, na turubai limelala ndani ya kifuniko chake nyuma ya viti. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kushangaza, na kusema kweli hata leo watoto barabarani husimama kutazama.

Anayejua tipa la mchanga anajua nguvu ya kazi hii. Tipa hunyanyua tani za mchanga kwa mafuta yanayosukumwa na pampu ndani ya silinda, na paa hili hufanya vivyo hivyo kwa udogo. Ndani ya buti kuna pampu inayozungushwa na mota ya umeme. Mota ikizunguka, mafuta hupita kwenye paipu nyembamba hadi kwenye silinda ndogo ndogo, zaidi ya kumi, zilizotawanyika garini. Vali hufunguka kwa zamu. Vioo vinashuka, kufuli zinaachia, sehemu ya nyuma ya turubai inanyanyuka, kifuniko kinafunguka, turubai linakunjwa na kulazwa, kifuniko kinarudi. Kila hatua ina swichi yake inayoiambia kompyuta kwamba imekwisha, ndipo inayofuata ianze. Hakuna hatua inayoruka foleni. Kwa hiyo hatua moja ikichelewa, zote zilizo nyuma yake huchelewa, na mwenye gari huona kitu kimoja tu: paa limekuwa zito.

Paa la ami lilikuwa linachukua sekunde 75. Tulilipima kwa saa ya simu. Alilipeleka karakana moja katika eneo la mafundi mjini Riyadh, jina tunaliacha, na baada ya fundi kusikiliza mlio kwa muda usiozidi kumaliza kikombe cha chai, jibu likatoka: pampu imekufa. Bei ya pampu iliyotumika, riyali 4,200, mbali na kazi. Ami akauliza kama kuna kipimo. Akaambiwa, «Ya ammi, sauti yenyewe ndiyo kipimo.»

Hatusemi fundi alidanganya. Tunasema alikisia, na alikisia kwa sababu kukisia ndiko kunakolipwa. Katika karakana nyingi tulizotembelea mteja halipi chochote kwa ajili ya kutazamiwa gari. Akitajiwa riyali 250 za uchunguzi hukunja uso, huku akikubali 4,200 za pampu bila kigugumizi, kwa kuwa pampu anaishika mkononi na uchunguzi haushikiki. Fundi mwenye watoto wa kusomesha afanyeje? Atauza kinachonunuliwa. Angetafuta kosa kwa saa tatu na kulipata kwenye boliti moja yenye kutu, angelipwa bei ya boliti.

Ami aliondoka na gari lake, na wiki mbili baadaye tukampata fundi wa umeme wa magari aliyekubali kulipwa kwa saa. Alichokifanya si siri wala uchawi, na mtu yeyote aweza kumwomba fundi wake akifanye.

Alianza kwa kuendesha paa mara mbili, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma. Ilipozimwa, sekunde 75. Ilipowashwa, 58. Tofauti hiyo peke yake inasema mengi. Betri iliyotulia ikiwa na chaji kamili hutoa volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka alteneta huipandisha hadi karibu 14. Kama paa linapata nafuu injini ikiwaka, basi mota ina njaa ya umeme, na mota yenye njaa huzunguka polepole hata ikiwa nzima kabisa.

Kisha akatazama kama uzito uko kwenye hatua zote au moja. Hili ndilo swali zuri kuliko yote na halihitaji hata bisibisi. Hatua zote zikiwa nzito kwa kiasi kimoja, tafuta kinachozihudumia zote: umeme, pampu, mafuta. Hatua moja ikiwa nzito na nyingine nyepesi, iache pampu, nenda kwenye silinda ya hatua hiyo, au vali yake, au bawaba zake. Kwa ami zote zilikuwa nzito, na ile ya kufuli za mbele ilizidi kidogo. Maana yake yalikuwa makosa mawili, si moja.

Hapo ndipo alipotoa mita. Aliunganisha waya mrefu kutoka kwenye pampu hadi nje, kwa kuwa buti lilipaswa kufungwa, akatuambia tuendeshe paa. Kwenye betri, volti 12.1. Kwenye mota ya pampu, volti 9.4. Volti 2.7 zilikuwa zinapotelea njiani, na alipopima upande wa ethi peke yake, alikuta 1.9. Katika waya mzuri wa ethi hutarajii kupoteza hata nusu volti. Akafungua boliti inayoshika waya wa ethi kwenye bodi ya gari: chini yake kulikuwa na unga wa kijani na mweupe. Akapiga msasa, akakaza upya, akapaka grisi. Sekunde 41.

Gharama ya sehemu ile: sifuri. Pampu «iliyokufa» ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Kutu ile ni ya Jeddah. Jeddah iko baharini, hewa yake ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na gari lililoegeshwa karibu na Corniche hupata kutu mahali ambapo shaba na chuma hukutana. Riyadh iko bara, karibu kilomita 950 kwa barabara, juu ya uwanda mkavu wenye vumbi. Maradhi yake ni mengine: mpira hukauka na kupasuka, turubai hukakamaa, vumbi huingia kwenye bawaba na kujipaka kwenye fimbo za silinda, na fimbo ikirudi ndani na vumbi hilo hukwaruza sili kama msasa. Fundi aliyeishi Riyadh miaka yote amezoea paa linalochelewa kwa ukavu na uchakavu, kwa hiyo akili yake hukimbilia huko. Gari la ami lilihama mji likiwa na ugonjwa wa mji wa kwanza. Ndiyo maana tunashikilia kwamba uzoefu wa fundi, ambao tunauheshimu sana, hautoshi bila kipimo. Uzoefu ni wa mahali.

Joto nalo lina mambo yake. Vitabu na ushauri mwingi wa magari haya umeandikwa na watu wa Ulaya, na malalamiko yao ni ya baridi: mafuta yakiganda ganda asubuhi paa huwa zito, likipata joto linapona. Kwetu ni kinyume. Mafuta yakipata joto huwa mepesi, na pampu au sili iliyochakaa huyaachia yapite pembeni badala ya kusukuma. Jeddah ilifikia nyuzi 52 mwezi wa Juni 2010. Kivulini, tuelewane, si ndani ya buti la gari jeusi. Paa la Ghuba likiwa jepesi asubuhi na zito adhuhuri, shuku uchakavu wa ndani. Likiwa zito wakati wote sawasawa, kama la ami, anza na umeme. Na betri za huku hazidumu kama za nchi za baridi, maana joto huzila, kwa hiyo betri ya miaka mitatu si ya kuaminiwa bila kupimwa.

Baada ya umeme yalibaki mafuta. Kwenye chombo chake yalikuwa chini ya alama na yalikuwa na povu. Povu ni upepo. Upepo hubonyea, mafuta hayabonyei, ndiyo siri yote ya haidroliki; mfumo ukiingia upepo, sehemu ya nguvu ya pampu huishia kubonyeza mapovu. Mafundi wetu wa nyumbani husema kutoa upepo kwenye breki, na hapa kazi ni ile ile ila rahisi zaidi: unajaza mafuta sahihi hadi alama, unaendesha paa mara kadhaa, unangoja povu litulie, unajaza tena. Mafuta sahihi, tunasisitiza. Aina yake imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kuna watu humimina mafuta ya breki kwa kuwa yapo karibu, na mafuta hayo huvimbisha na kuharibu mpira ambao haukutengenezwa kwa ajili yake. Ukiyamimina leo, paa litakushukuru wiki moja kisha litavuja kila mahali. Baada ya kazi hii paa la ami lilifika sekunde 35.

Mafuta yalipungua kwa sababu yanavuja, na yanavuja mahali panapojulikana na kila mwenye gari la aina hii: kwenye silinda za kufuli za mbele, juu ya kioo, ambazo zikichoka hudondosha mafuta kwenye kibao cha kuzuia jua na hatimaye kwenye kanzu ya dereva. Sili zake ni ndogo kuliko pete ya kidole. Zina miaka thelathini na zaidi, na hakuna wa kulaumiwa kwa mpira kuzeeka.

Na hapa tunafika kwenye ushauri wa pili tunaoupinga: «nenda tashlihi.» Tashlihi ni viwanja vya magari yaliyobomolewa, kama vile vya Al-Hair kusini mwa Riyadh au Briman kule Jeddah, na tunavipenda. Mtu aweza kushinda humo siku nzima akitafuta taa moja. Kwa mlango, kiti, au kioo, hakuna mahali pazuri zaidi. Lakini silinda ya paa kutoka tashlihi ina sili za umri ule ule na za yako, tena zimekaa miaka bila kufanya kazi, zikichomwa na jua. Unanunua ugonjwa wako kwa mtu mwingine. Tena magari yenyewe hayaongezeki: Saudia hairuhusu kwa kawaida kuingiza magari ya abiria yaliyozidi miaka mitano, kwa hiyo R129 zilizomo tashlihi ni zilizokuwamo nchini, na kila moja ikisagwa ndiyo basi. Njia iliyo bora ni kuifungua silinda na kubadilisha sili. Wapo mafundi Ulaya na Marekani wanaopokea silinda kwa posta na kuzirudisha zikiwa na sili mpya, na wapo wanaouza sili peke yake. Ni kazi ya subira, si ya mtaji.

Tuliwahi kumpigia fundi mmoja wa Mombasa, rafiki wa familia, tumwulize majina. Ndiye aliyetupa sili, oringi, ethi, kutoa upepo. Alishangaa tunauliza. Kwake maneno hayo si msamiati, ni vitu vya mezani. Alituambia pia kwamba yeye hajawahi kugusa paa la namna hiyo, lakini ametengeneza majeki na matipa maisha yake yote, na silinda ni silinda. «Wanangu,» alisema, «chombo kikivuja, kazi ya kwanza ni kujua kinavujia wapi.» Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye jua kali za Nairobi, utaona watu wanaobadilisha sili za jeki pembeni mwa barabara kwa zana chache mno. Wanafanya hivyo kwa kuwa kifaa kipya hakinunuliki. Saudia kifaa kipya kilinunulika kwa urahisi miaka mingi, na mazoea ya kutupa yakaota mizizi hata pale bei zilipopanda na kodi ya ongezeko la thamani ikafika asilimia 15 mwaka 2020.

(Kwa walimu wetu wa etimolojia, kidokezo kimoja tusichoweza kukiacha. Eneo la karakana Riyadh huitwa *sina'iyya*, mzizi mmoja na sanaa yetu. Karakana huitwa *warsha*, ambalo kwetu limekuwa la watu wenye suti na chupa za maji. Na duka la kuziba matairi huitwa *banshar*, ndugu wa pancha; wote wawili walitoka kwa Mwingereza, kila mmoja kwa mlango wake.)

Tumepingwa. Kaka wa mmoja wetu, ambaye anafanya kazi ya magari Jeddah, alisoma rasimu hii akasema tunaongea kama watu wasiolipa kodi ya pango. Mteja mmoja akikaa saa nne kwenye nafasi, wateja watano wameondoka. Pia akasema pampu hufa kweli: buti likiingia maji, mota ikaoza, utapima mpaka kesho na jibu litakuwa pampu. Na fimbo ya silinda ikiwa na mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha, sili mpya itakatika ndani ya miezi. Yote ni kweli. Hatusemi usibadilishe kamwe. Tunasema kipimo cha volti kinachukua dakika kumi, kutazama mafuta dakika mbili, na kulinganisha hatua za paa hakuhitaji nafasi karakanani kabisa. Mwenye gari anaweza kukifanya kivulini nyumbani kwake na kuja na maandishi. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akasema mteja wa namna hiyo yeye angemtoza nusu ya bei. Tumelichukua kama jibu.

Jambo moja la hatari kabla hatujamaliza, maana tumewaona vijana wakifanya hivi. Paa likikwama katikati usiingize mkono chini ya kifuniko au fremu ya turubai ili «kulisaidia». Nguvu ya mafuta ikiondoka ghafla, kinachonyanyuliwa na mafuta huanguka. Weka kizuizi cha mbao kwanza, zima umeme, ndipo usogee. Na usilijaribu paa bovu katika foleni ya taa. Jeddah inajua mvua zake, na gari lililobaki nusu wazi si la kuendeshwa nyumbani.

Ami amelipa riyali 750 kwa saa tatu za fundi, na chupa mbili za mafuta. Sekunde tano zilizobaki ni za zile silinda mbili za mbele. Ameagiza sili, hazijafika. Kwa sasa amefunga kitambaa juu ya kibao cha kuzuia jua, upande wa abiria, kwa kuwa shangazi amekataa kupanda akiwa na buibui lake jipya.